Mwanza: Kabla hujatoa hela ya nyumba, soma yaliyonikuta Nyasaka (sheria, kodi na unafuu uliopo)

Sangara Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwadila.

Uzi huu niliuahidi siku ile tunabishana bei za viwanja vya Buhongwa, nikawa najivuta. Leo mvua imenifungia ndani, wacha nitiririke. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite.

Mwaka jana nilitaka kununua nyumba Nyasaka, Ilemela. Vyumba vitatu, kimoja masta, bati la mgongo mpana, kisima cha kuchimba na uzio wa tofali upande mmoja tu. Hati ipo, jina la muuzaji, kitambulisho chake kinalingana na hati herufi kwa herufi. Bei milioni 68. Dalali kila baada ya saa mbili ananipigia: "Kiongozi, kuna mtu wa Geita ana keshi, mimi nakushikia wewe tu kwa sababu ya heshima." Wenyeji mnamjua huyo mtu wa Geita. Hajawahi kuonekana lakini kila nyumba ya Mwanza anaitaka.

Siku ya kusaini tukakaa barazani, meza ya plastiki, mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake. Nikasema nataka mke asaini, hilo nilikuwa nimelisikia kwa watu. Muuzaji akaingia ndani, akatoka na mwanamke. Mtulivu, kitenge cha rangi ya maziwa chenye tausi wa bluu. Akakaa kwenye stuli, akaandika jina, akasaini kwenye mstari wa "mke wa muuzaji", akarudi ndani. Hakuna aliyemwomba kitambulisho. Hata mimi.

Nikavuka barabara kwenda gengeni kuchenji elfu kumi nimlipe bodaboda. Mama wa genge anapima dagaa, hajaniangalia hata usoni, akauliza:

"Ndo umenunua?"

"Tunamalizia mama, mke wake keshasaini."

Kopo la dagaa likabaki hewani. "Mke yupi? Mwenye nyumba yuko Nansio tangu Pasaka, anamuuguza mama yake."

Hela ilikuwa bado benki. Nikarudi barazani nikawaambia mtandao wa benki unasumbua, tumalizie Jumatatu. Huo ndio uongo pekee niliosema siku ile, na siutubu.

Jumatatu badala ya kwenda Nyasaka nikaenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, kwa Msajili wa Hati. Nikaomba upekuzi rasmi, ile tunayoita sachi. Unajaza ombi kwa namba ya hati, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, unapewa majibu ya maandishi: nani mmiliki, kuna mkopo wa benki au hakuna, kuna zuio au hakuna. Ya kwangu ilikuja na kaveti, yaani zuio lililowekwa kwa Msajili nyumba isihamishwe. Mwombaji: mke. Ilikuwa na wiki tatu tayari.

Yaani yule mama alishafunga mlango kabla mimi sijafika hata getini. Ningelipa milioni 68 ningepata karatasi ya mwenyekiti na ufunguo, lakini jina langu lisingeingia kwenye daftari la Msajili. Na kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, uhamisho wa ardhi yenye hati ambao haujasajiliwa haukupi umiliki. Mkataba wenu unabaki kuwa madai tu kati yako na aliyekula hela yako.

Hoja yangu ni moja. Watu wanasema Tanzania mnunuzi hana kinga. Kinga ipo, ila imelala ofisini na haitakufuata barazani kwa watu. Ni wewe ukaiamshe, na uiamshe KABLA ya kulipa.

Naendelea na upande wa hela kwenye posti nyingine. Maswali ruksa.

Mchongo wa Kirumba

Mkuu hadithi tamu ila ujuaji mwingi. Mimi nimenunua nyumba mbili kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, soda kreti moja. Mwaka wa tisa huu sijasumbuliwa. Mkianza mambo ya sura ya mia ngapi mnatisha watu bure.

Bikoni Tano

Mchongo, kaka yangu, mimi natembea na vyombo vya kupimia, hayo nayaona kila wiki. Mwaka wa tisa sio hoja. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12 kwa Sheria ya Ukomo, kwa hiyo bado hujavuka mto.

Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri. Anawajua watu, anajua nani kaoa nani, nani alifiwa. Mtumie kwa hilo. Kuhamisha umiliki sio kazi yake. Na ile "asilimia kumi ya mtaa" wanayodai kwenye mauzo, ombeni namba ya malipo ya serikali muone wanavyokohoa.

Kwa wanaonunua kijijini, huko Usagara au Kisesa ndani ndani, utaratibu ni mwingine. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mwenye maamuzi ni Halmashauri ya Kijiji kwa kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti peke yake na muhuri mfukoni hawezi kukupa ardhi ya kijiji.

Halafu neno "kimepimwa". Linaumiza watu kuliko malaria. Kampuni inapiga trekta barabara, inachomeka bikoni (zile alama za mipaka), inatangaza viwanja vilivyopimwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Uliza vitu viwili. Mchoro wa mipango miji umeidhinishwa? Ramani ya upimaji imeidhinishwa na kusajiliwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani? Wakikuambia "iko kwenye mchakato", basi na hela yako iwe kwenye mchakato. Nenda na namba ya kitalu na kiwanja ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ya Ilemela iko Buswelu, nauli ya daladala tu.

Mama Sato

Asante kaka Sangara. Naomba kuuliza, mimi na mume wangu hatujafunga ndoa ya cheti, tumeishi miaka kumi na mmoja, nyumba iko Mkolani kwa jina lake. Hiyo kaveti naweza kuweka? Na nikiweka anaambiwa?

Sangara Mkavu

Dada Mama Sato, ataarifiwa, hilo lijue mapema. Kaveti sio siri, Msajili humjulisha mwenye hati, na mwenye hati anaweza kuomba iondolewe.

Kifungu ni cha 59, Sheria ya Ndoa ya 1971: mwanandoa hawezi kuuza, kuweka rehani wala kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Na mwenzake ana haki ya kuilinda kwa kaveti. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa namna ya mke na mume, wanachukuliwa kuwa wameoana, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo mlango upo, ila wa kwako una komeo. Nenda kwa wasaidizi wa kisheria au wakili akakuangalizie, na usisubiri siku utakapomkuta dalali anapima sebule.

Mtani wa Ukerewe

Kumbe Nansio tumeokoa jahazi! Wakara na Wakerewe tuheshimiwe.

Nyongeza yangu ni mirathi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na kikao cha ukoo. Kikao kinapendekeza jina tu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa Mahakama ya Mwanzo mnaijua ile Fomu namba 4 ya uteuzi. Nilishaona mtu kanunua Butimba kwa muhtasari wa ukoo wenye sahihi kumi na saba. Sahihi ya kumi na nane ilikuwa ya binti aliyeko Tabora, ndiye aliyemtoa.

Jiwe la Bismarck

Na mnaonunua mlimani, Igogo, Mabatini, Isamilo: hati inaonyesha mipaka ya chini. Jiwe lililokaa juu ya paa lako halimo kwenye ramani. Angalieni juu kabla ya kuangalia sachi.

Sangara Mkavu

😂 Jiwe umeongea. Haya, upande wa hela.

Baada ya Nyasaka nikapata nyumba Kiseke, milioni 61. Safari hii nilikwenda na wakili. Kianzio asilimia 10, iliyobaki ikakaa akaunti ya wateja ya wakili, muuzaji anachukua usajili ukikamilika. Muuzaji alinuna siku mbili, akakubali. Mkataba wa maandishi, maana Sheria ya Ardhi inataka hivyo, makubaliano ya mdomo hayakusaidii. Tukajaza zile fomu namba 29, 30 na 35: taarifa ya kuhamisha, maombi ya kibali, na uhamisho wenyewe. Mthamini akaja, ripoti ikaidhinishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, tukaenda TRA, mamlaka ya mapato.

Nitumie nyumba ya Nyasaka kwa hesabu, milioni 68. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya MUUZAJI, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Tuseme ana risiti za kiwanja na ujenzi za milioni 45. Faida milioni 23, kodi milioni 2.3. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu Sheria ya Fedha ya 2023 anakatwa asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, inayozidi. Hapo milioni 2.04. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, yaani 680,000, huo kwa desturi unabebwa na mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Nimeona biashara nzuri imevunjika kwa laki sita.

Unafuu wa kweli ambao wauzaji wengi hawaujui: ukiuza nyumba uliyoimiliki miaka mitatu au zaidi na ukaishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hiyo kodi ya asilimia 10 hulipi. Kwa hiyo unapobishana bei, mwambie muuzaji hilo. Mwingine anapandisha milioni mbili kwa kuogopa kodi ambayo sheria imeshamsamehe.

Kwa nyumba mpya: Sheria ya Fedha ya 2023 ilisamehe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwenye nyumba za makazi zisizozidi milioni 50 zinazouzwa na waendelezaji. VAT ni asilimia 18, kwa nyumba ya milioni 48 huo ni mzigo wa milioni 8.64. Kampuni ikikuongezea VAT kwenye nyumba ya bei hiyo, waombe wakuandikie kwa barua ni kwa kifungu gani. Ila tuseme ukweli, kwa bei ya saruji na nondo ya sasa, nyumba ya kampuni ya chini ya milioni 50 hapa Mwanza utaitafuta kwa tochi.

Sasa dalali atakuambia: "Tuandike milioni 30 kodi ipungue." USIKUBALI. Mthamini ataweka yake, kodi itafuata kubwa. Mambo yakiharibika utadai milioni 30 uliyoandika, sio 68 uliyotoa. Na siku wewe unauza, gharama yako kwenye makaratasi ni milioni 30, faida inaonekana imefura, wewe ndiye unalipa kodi ya huyu aliyekushauri.

Mchongo wa Kirumba

Hapo kwenye milioni 30 umenigusa. Kuna mtu namjua alifanya hivyo.

Bikoni Tano

Huyo mtu anaishi Kirumba? 😂

Mkopaji Mchovu

Wadau habari. Naongezea mikopo, maana watu wanaona matangazo ya benki na picha za familia inacheka.

Kisheria tuko sawa kwa kiasi. Kuna Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008, mwaka huohuo ikatungwa ile ya umiliki wa sehemu ya jengo, ndiyo inamfanya mtu awe na hati ya ghorofa lake tu. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki hela za muda mrefu ili nazo zitukopeshe kwa muda mrefu. Kabla ya hapo mkopo wa nyumba wa miaka 15 ulikuwa kama hadithi ya sungura.

Lakini riba, wakuu. Nyingi zimekuwa zikicheza asilimia 15 hadi 19. Chukua milioni 50, asilimia 17, miaka 15: kwa mwezi unalipa kama 770,000. Mwisho wa safari umerudisha karibu milioni 138.5. Mimi ninalipa ya namna hiyo, ndiyo maana jina langu.

Faida moja ambayo watu hawaisemi: benki haitoi hela bila hati, sachi, uthamini na ridhaa ya mwenza. Ukinunua kwa mkopo unapata mtu mwingine mwenye wasiwasi kuliko wewe. Benki ikikataa nyumba, na wewe ikimbie hata kama una keshi.

Ukikwama kulipa, hawaruhusiwi kuja na dalali wa mnada kesho yake. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya siku 60 kwanza. Mimi ilinifika moja, siku ya tatu tu nikaenda kuongea, tukapanga upya. Jirani yangu yake aliifungia vitumbua.

Mama Sato

Pole kaka. Swali jingine kama sio usumbufu: kuna shangazi ana eneo Luchelele, linafika hadi majini. Anataka kuniuzia nijenge nyumba ya kupangisha wageni. Ni zuri jamani, jioni unaona mitumbwi.

Bikoni Tano

Mayu, zuri sana, ndiyo maana linauzwa. Pima mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita hizo. Wananunua eneo la urefu wa mita 80, wanabaki na 20 za kujenga, kisha wanashangaa kibali hakitoki. Lipa bei ya zile 20, zile 60 ni mandhari.

Na ukingo wenyewe unahama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho wazee hawakuwa wamekiona, watu wa fukweni walitoa magodoro kwa mtumbwi. Muulize shangazi maji yalifika wapi mwaka ule. Akisita, tafuta alama kwenye shina la mti.

Jiwe la Bismarck

Vipi mtu mwenye leseni ya makazi tu, sio hati? Kwetu Mabatini wengi ni hivyo.

Sangara Mkavu

Jiwe, leseni ni ya muda mfupi na inahuishwa. Inanunulika, ila bei isiwe ya hati. Ithibitishe halmashauri, uliza kama eneo limeingia kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili yapate hati. Likiwa limeingia, andika kwenye mkataba kwamba muuzaji atashirikiana nawe mpaka hati itoke kwa jina lako, na bakiza hela kidogo mkononi. Mtu ukishammaliza hela hapokei simu.

Vitu viwili vidogo nilivyosahau. Kodi ya pango la ardhi: uliza deni kabla, maana linafuata kiwanja, halimfuati aliyehama, na bila kulilipa uhamisho hauendi. Ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU tangu 2021, sasa hivi 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida, ukikuta mita ina deni mbane muuzaji kabla hujampa salio.

Na mgogoro ukitokea: tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa linakupa cheti, unaenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usipoteze mwaka ukisubiri hukumu ya Kata.

Mchongo wa Kirumba

Sangara, naomba nishuke kwenye farasi. Kuna nyumba Igoma naiwania, ya tatu hiyo. Baada ya huu uzi nimemwomba muuzaji kivuli cha hati nikafanye sachi. Anasema hati iko benki, ameiweka kule kwa usalama maana nyumbani kuna panya.

Mkopaji Mchovu

Panya huyo ana riba ya asilimia 17.

Sangara Mkavu

Mchongo, benki sio kabati. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, Bikoni atakuelekeza pa kuanzia. Kama kuna mkopo sio mwisho wa dunia, nyumba yenye rehani inauzika: mnakaa watatu, wewe, yeye na benki, hela yako inafuta deni kwanza kwa barua ya benki, rehani inaondolewa, kinachobaki ndicho chake. Usimkabidhi yeye akalipe.

Mtani wa Ukerewe

Mwanzisha uzi hujamaliza. Yule mama wa Nansio alijua?

Sangara Mkavu

Alijua. Mama wa genge alinipa namba yake, nikaona sio ungwana kukaa kimya. Nikampigia, nikamweleza yote, baraza, meza, muhuri wa mwenyekiti. Akanishukuru, akasema kaveti aliiweka baada ya kusikia dalali anaulizia mipaka kwa majirani. Alikuwa ametulia kabisa, hata akacheka kidogo.

Halafu akauliza, "Huyo mwanamke alivaaje?"

Nikamwambia, kitenge cha rangi ya maziwa, kina tausi wa bluu.

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani imekatika.

"Hicho ni changu," akasema.